Ubao wa taa za trela ya mashua: kipi ununue, kipi ujitengenezee

Mashua ndogo ya tanga hutokeza nyuma ya trela hadi kuziba taa zilizofungwa kwenye chuma, na taa hizo huzama kila trela inaposhushwa majini pale Dunga, Kisumu. Ndiyo maana watu hutumia ubao wa taa unaofungwa kwenye tezi, yaani nyuma ya mashua, na kutolewa kabla ya kuteremsha. Njia za kuupata ni nne, tukianza na iliyo bora.

1. Ubao wa kujitengenezea, taa za LED zilizozibwa

Kwenye mbao usitumie pesa nyingi. Sipresi ya inchi 6 kwa 1 inatosha, urefu ukaribie upana wa mashua: mashua ya aina ya Laser ina upana wa mita 1.37, kwa hiyo futi nne na nusu. Paka rangi kote, hasa kwenye ncha zilizokatwa, maana maji huanzia hapo. Pesa iende kwenye taa na kebo.

Nunua taa mbili zenye paki, breki na indiketa pamoja. Soma nyuma ya taa: nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya spea ni za lori, volti 24, na kwenye gari dogo zitafifia au zisiwake kabisa. Zilizoandikwa 10–30V hufanya kazi kote. Mwambie muuzaji aziwashe kwa betri kabla hujalipa. Ongeza taa ndogo nyeupe ya namba, vioo viwili vyekundu vya pembetatu vya kuakisi mwanga, plagi ya pini saba, na bolti zenye nati za nailoni. Nati za kawaida zitalegezwa na matuta kabla hujafika Ahero.

Kebo iwe ya nyaya saba. Ipime trela ikiwa imeshafungwa kwenye gari, kisha ongeza mita moja. Ikiwa fupi itachomoka kwenye kona. Ikining'inia italiwa na lami.

Mpangilio wa pini ni huu: 1 njano, indiketa ya kushoto, 2 buluu, taa ya ukungu, 3 nyeupe, ground (waya wa kurudisha umeme), 4 kijani, indiketa ya kulia, 5 kahawia, paki ya kulia, 6 nyekundu, breki, 7 nyeusi, paki ya kushoto. Usiziamini rangi za soketi iliyo kwenye gari. Magari mengi yetu ya kutoka Japani yalifungiwa soketi hapa hapa, na kila fundi ana rangi zake. Pima pini moja moja kwa testa huku mwenzako akikanyaga breki na kuwasha indiketa.

Kinachosumbua kuliko vyote ni ground. Kila taa iwe na waya wake mweupe hadi kwenye waya mweupe wa kebo unaokwenda pini ya 3, usitegemee chuma cha trela. Ukikanyaga breki na paki zikafifia, au indiketa ya kushoto ikaamsha taa ya kulia, usibadilishe balbu: umeme umekosa njia ya kurudi na unapitia taa nyingine. Viungo vichomelewe kwa solda na waya ubanwe kwenye mbao karibu na kiungo, la sivyo mtikisiko utaukata pale solda inapoishia. Na silikoni inayonuka siki hula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

2. Ubao huo huo, taa za balbu

Ni nafuu, na balbu ya 21/5 utaipata hata Kericho usiku. Lakini piga hesabu: breki mbili za wati 21, paki mbili za wati 5 na indiketa ya wati 21 ni wati 73, yaani ampea 6 zinazorudi kupitia waya mmoja mweupe. Uwe mnene kuliko wenzake. Gari ambalo taa zake za nyuma ni LED tangu kiwandani huenda lisiubebe mzigo huo, fiuzi itakuambia. Vibanio vya balbu pia hushika kutu, kwa hiyo vipake grisi kidogo.

3. Ubao wa kiwandani kutoka nje

Huja na kebo na plagi, kazi imekwisha. Tatizo ni kebo: mara nyingi ni nyembamba, na haifiki kwenye gari mashua ikiwa ndefu. Ukiiunga katikati, umerudisha kazi uliyokuwa unaikwepa. Kama utaununua, fungua taa moja uangalie viungo vya ndani.

4. Taa za sumaku zisizo na waya

Sumaku haishiki faiba wala alumini, na tezi ya mashua yako huenda ni mojawapo. Betri nayo ikiisha kwenye ukungu wa Mau Summit, dereva aliye mbele hana dalili yoyote ya kumjulisha.