Filebeat kwenye seva za kampuni ya safari Arusha: inafaa, ila usisahau mstari wa encoding

Kama unatunza seva zenye mifumo ya umri tofauti na logi zote (kumbukumbu za matukio ya mifumo) unazikusanya sehemu moja, Filebeat, programu ya kukusanya na kusafirisha logi, naipendekeza bila kusita. Sababu yangu ni moja: inakuruhusu kutaja, chanzo kwa chanzo, maandishi yameandikwa kwa usimbaji gani wa herufi, yaani namna kila herufi inavyogeuzwa kuwa baiti, kabla hayajachanganyika. Kusafirisha logi hata programu nyingine zinaweza.

Natunza seva za kampuni ya safari, ofisi zetu ziko Njiro. Mfumo wa buking ni wa zamani, unakaa kwenye Windows na unaandika logi zake kwa usimbaji wa Windows-1252. Tovuti iko kwenye Linux, na huko kila kitu ni usimbaji wa UTF-8. Halafu kuna skripti za bakapu za usiku kwenye PowerShell 5.1 (programu ya amri ya Windows), ambayo ukielekeza matokeo kwenye faili kwa alama ya > inaandika UTF-16. Waliotuuzia mfumo wa buking walituhakikishia kwamba herufi zitakaa sawa zenyewe. Hazikai.

Chukua jina la mgeni Müller. Kwenye UTF-8 ile ü ni baiti mbili, C3 BC. Kwenye Windows-1252 ni baiti moja tu, FC. Ukizikusanya logi bila mpango, faili moja litabeba zote mbili. Mhasibu anauliza malipo ya Müller yaliingia saa ngapi. Unatafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno kwenye mafaili, inakuletea mistari ya tovuti na kuiruka ya buking. Siku nyingine inakataa kabisa kuonyesha mistari, inakwambia tu kwamba faili ni “binary”, yaani si la maandishi ya kawaida, na kilichotafutwa kimo ndani.

Wala si majina ya Wajerumani peke yake. Tunapeleka wageni Ng’iresi, kule juu kwenye miteremko ya Meru. Mtu akikopi jina hilo kutoka Word, ile alama baada ya Ng huja imepinda, na kwenye UTF-8 inachukua baiti tatu: E2 80 99. Zikisomwa kama Windows-1252, kijiji kinageuka kuwa Ng’iresi. Inaniuma kuona jina la mahali pa watu limevurugwa hivyo kwenye ripoti, wakati dawa yake ipo.

Kabla ya Filebeat tulikuwa na rsyslog, programu nyingine ya kukusanya logi. Naiheshimu, ni nyepesi na haichoki. Ina moduli iitwayo mmutf8fix, ambayo hukagua baiti zisizo halali katika UTF-8 na kuweka nafasi tupu mahali pake. Faili linatoka safi kweli, lakini Müller anabaki “M ller”, na herufi iliyoondoka hairudi. Kwa logi za malipo sikubaliani na usafi wa namna hiyo. iconv, amri ya kugeuza usimbaji, nayo inageuza vizuri, na mafaili ya zamani bado nayapitisha humo. Tatizo ni kwamba inakuamini kwa kila unachoiambia: ipe maandishi ambayo tayari ni UTF-8, useme ni Windows-1252, na mara nyingi itayaharibu bila kulalamika.

Kwenye Filebeat, faili la mipangilio, filebeat.yml, lina sehemu ya kila chanzo. Unaongeza mstari wa encoding: windows-1252 kwa buking, utf-8 kwa tovuti, na aina ya UTF-16 kwa zile skripti. Basi. Kinachotoka upande wa pili ni JSON (mpangilio wa data kwa maandishi) yenye UTF-8 tupu, na ukimtafuta Müller anatokea kotekote kwa herufi zilezile. Wadogo kama sisi hatulazimiki kusimika Elasticsearch, hifadhi ya kutafutia data, pia: ipo njia ya kutoa matokeo kwenye faili la kawaida, na ndiyo tunayoitumia.

Lawama yangu kubwa ni chaguo lake la msingi. Usipoandika mstari wa encoding, inatumia kinachoitwa plain, ambacho hakikagui wala hakigeuzi kitu. Baiti zinasomwa kama zilivyo, na hakuna onyo lolote. Kwa kazi nyeti kama hii ningetaka ipige kelele. Ndiyo maana kila tunapoongeza chanzo, nafanya buking ya majaribio yenye jina Müller na safari ya Ng’iresi, kisha naitafuta mwisho wa njia kabla ya kuwaambia watu kwamba imekamilika.

Faili lililokwisha kuchanganywa Filebeat haitalinusuru, maana chanzo kimoja kinapewa usimbaji mmoja. Nginx nayo, programu ya kuhudumia tovuti, kwa kawaida yake, huandika ü kwenye logi ya maombi kama \xC3\xBC. Hilo linarekebishwa kwenye nginx yenyewe, kwa kuweka escape=json ndani ya log_format, mstari wa mipangilio unaopanga sura ya logi. Usiilaumu Filebeat.

Ni ya bure, na kwenye Windows inasimama kama huduma inayoanza yenyewe mashine ikiwaka, jambo lenye thamani hapa kwetu umeme unapokatika na kurudi. Mwenye seva moja ya Linux ambayo kila kitu chake ni UTF-8 abaki na rsyslog tu, inamtosha. Ila mwenye Windows ya zamani pembeni ya Linux, asimike Filebeat kabla hajaunganisha logi za mashine hizo mbili.