Cheni ya taimingi ya Benzi 240D: uzoefu wangu baada ya miezi mitano

Nimekaa miezi mitano ndo naandika hii, maana nilitaka gari lipande Lushoto kwanza lirudi, sikutaka kumsifia fundi leo halafu kesho nionekane nimewadanganya watu. Limepanda mara mbili sasa. Kazi ya kubadilisha cheni ya taimingi, ile cheni ya ndani ya injini inayofanya valvu na dizeli viende kwa wakati wake, ilifanyika vizuri, na hela niliyotoa naona imeenda panapostahili.

Gari ni Mercedes 240D ya mwaka 1982, bodi ya W123, injini ya dizeli OM616, silinda nne, lita 2.4, gia nne za mkono. Ilikuwa ya baba, nimejifunzia kuendesha humo humo, dashibodi inasoma kilomita 380 elfu na ushee na siiuzi. Hilo naliweka wazi mapema kwa sababu kila mtu akisikia nimeingia gereji ushauri wake wa kwanza ni uza dada ununue IST.

Dalili zilianza pole pole mpaka nikazizoea, na hapo ndo pabaya. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukiwasha unasikia mbele kule kitu kinachakacha, kama cheni ya baiskeli inayogusa kava, sekunde tatu nne kinanyamaza. Baadaye ikaja moshi mweupe wa asubuhi ambao hauishi haraka, halafu nguvu. Hii gari haijawahi kuwa na mbio, ni hosi pawa 72 tu, lakini ilikuwa na nguvu yake ya kizee, inavuta taratibu bila kuchoka. Desemba natoka Mombo napanda kwenda Soni, njia ya Lushoto, mlima ambao zamani sehemu nyingi nilikuwa napanda na gia ya tatu, safari hii gia ya pili mwanzo mwisho, kona mbili nikashuka mpaka ya kwanza, nyuma Coaster inanipigia honi, mama kakaa pembeni anasoma dua. Nilipofika juu nikajua hili sio la kuvumilia tena.

Gereji ya kwanza Dar wakafungua boneti, wakakanyaga mafuta mara mbili, wakasema dada pampu ya dizeli imekwisha, milioni moja na laki nane ovahoo. Gereji ya pili wao wakasema tung'oe injini kabisa tuweke 3L, dizeli ya Toyota Hiace, spea zipo kila kona. Mi sina ubaya na 3L, ni injini ya kazi na imebeba watu wa nchi hii miaka mingi, ila kilichoniuma ni kwamba sehemu zote mbili hakuna aliyeshika hata spana moja kabla ya kutaja bei. Unamhukumuje mgonjwa hujamshika hata mkono?

Ndo jirani akanipeleka mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa fundi mmoja mzee, jina silitaji maana yeye mwenyewe hapendi, amefanya hizi dizeli za Kijerumani tangu zikiwa teksi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, ya pampu na ya 3L, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Marahaba mwanangu, usinunue kitu chochote kwanza. Tupime."

Sasa hapa kwenye kupima nataka nikae kidogo maana ndo sababu hasa ya kuandika. Akafungua kava la valvu, akachukua soketi ya 27 na mpini mrefu akaishika nati ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kule mbele, akazungusha injini kwa mkono, taratibu, upande ule ule inaozunguka ikiwa imewaka, akasema ukipitiliza alama usirudishe nyuma, zunguka tena upya, kwa sababu ukirudisha unalegeza cheni upande ambao hautakiwi na kipimo kinakuwa cha uongo. Kwenye kamshafti, ile shafti ya juu inayofungua valvu, nyuma ya gia yake kuna mkato mdogo, na kwenye beringi ya kwanza kuna mstari. Akavilinganisha hivyo viwili kama mtu anatunga uzi kwenye sindano. Halafu akaniambia njoo uangalie mwenyewe chini, kwenye puli ya krenki kuna digrii zimechorwa na kuna kisindano. Cheni ikiwa mpya kisindano kinakaa sifuri au karibu yake. Yangu ilikuwa imepita digrii 8.

Nikamuuliza kwani chuma kinavutika? Akasema hakivutiki, kinalika. Cheni ina pingili zaidi ya mia, kila pingili ina pini yake, kila pini inalika kiasi ambacho jicho halioni, jumlisha zote ndo unapata urefu. Na kwa hii injini cheni hiyo hiyo moja inazungusha kamshafti na inazungusha pampu ya dizeli, kwa hiyo ikirefuka valvu zinachelewa na dizeli nayo inachelewa kuingia. Moshi mweupe ule na uchovu wa mlimani vyote vikapata baba yao palepale. Pampu ya watu ilikuwa nzima, ilikuwa inacheleweshwa tu! Milioni moja na laki nane ningeitoa na gari lingerudi vilevile.

Akanipa njia mbili na hili nalo nilimheshimu. Ya kwanza kuna kii za kupinda, vipande vidogo vya chuma vinavyofunga gia kwenye shafti, zinauzwa za digrii tofauti tofauti, unaweka kwenye kamshafti inarudi mahali pake, bei ndogo. Ila akasema hiyo inasogeza kamshafti tu, cheni inabaki ile ile iliyolika, na siku ikikatika au ikaruka meno valvu zinakutana na pistoni, hapo tunaongea mambo ya silinda hedi. Kwa digrii mbili tatu angeacha tu, kwa nne tano angefikiria kii, kwa nane anabadilisha. Sikubishana.

Kununua cheni kulikuwa na mtihani wake. Nilipata moja hapa mjini, boksi zuri, bei nzuri, nikampelekea mzee, akaishika kwa ubavu, yaani akaishika ncha moja ikae mlalo, ikajipinda chini kama mkia wa paka. Mpya haitakiwi kulegea hivyo. Akasema rudisha. Duka likanisumbua siku mbili lakini hela walirudisha. Nikaagiza Ujerumani, cheni ya iwis, hiyo ya safu mbili, jina la kiwanda limepigwa kwenye pingili zenyewe, pamoja na tenshena mpya (kile kinachobana cheni isilegee), reli ya plastiki ya juu inayoongoza cheni, na gasketi zake. Kwa jumla mpaka inafika mkononi pamoja na usafiri na ushuru ilikaribia laki 6. Imechukua wiki tatu na nusu. Ilipofika akaishika kwa ubavu vilevile, ikakaa imenyooka, akatabasamu.

Kazi niliiangalia yote, nilichukua ruhusa kazini. Hawashushi injini wala hawafungui kava la mbele, cheni mpya inavutwa na ya zamani. Kwanza wametoa tenshena, wametoa hita plagi zote ili injini izunguke bila kubanwa na kompresheni, halafu mzee akatoa na roka zote, vile vikono vinavyosukuma valvu. Dogo wake akamuuliza si tunapoteza muda, akajibiwa roka zikiwa nje valvu zote zimefungwa, hata cheni ikikuponyoka hakuna kinachogongana. Wakaziba lile shimo la mbele kwa matambara safi, wakasaga vichwa vya pini za pingili moja na grainda ndogo, wakasafisha unga wa chuma kwa sumaku kabla ya kutoa matambara. Nimeona gereji nyingi, hiyo ya sumaku sijawahi kuiona.

Hapo wakaunga cheni mpya kwenye ncha ya zamani kwa pingili ya muda, dogo chini anazungusha krenki polepole, mzee juu anaingiza mpya kwa mkono mmoja na wa pili anaibana cheni kwenye gia ya kamshafti isiruke hata jino moja, mtu wa tatu anavuta ile ya zamani inayotoka. Hakuna aliyeongea. Hata redio walizima. Ilikuwa kama dakika ishirini lakini mi mkono ulikuwa unaniuma kwa kuangalia tu. Mpya ilipozunguka yote ikaungwa kwa pingili ya kudumu, na pini zikabanwa kwa kifaa chake maalum cha kupiga riveti, sio nyundo. Hapa msikubali nyundo, na msikubali ile pingili ya klipu ibaki humo.

Tenshena nayo ina siri yake. Aliizamisha kwenye kopo la oili akaibonyeza mara nyingi, inatoa mapovu, inajaa, mpaka ikawa ngumu kubonyezeka. Ukiiweka kavu inakuwa na hewa, haibani cheni inavyotakiwa, na umeshapoteza kazi yote.

Wakapima tena: digrii moja hivi. Lakini hakuishia hapo, na wengi huishia hapo. Akapanga upya pampu ya dizeli, akafungua pale kwenye pampu mahali pa silinda ya kwanza, akaweka kibomba kidogo, akazungusha krenki huku anahesabu matone mpaka likawa tone moja kama kila sekunde, na hiyo inatakiwa itokee digrii 24 kabla pistoni haijafika juu. Alilegeza pampu akaisogeza mara tatu ndo akaridhika. Mwisho akaseti tapeti, yaani nafasi za valvu, kwa fila geji, za kuingiza hewa milimita 0.10, za kutolea moshi milimita 0.30, injini ikiwa baridi.

Halafu akaitundika cheni ya zamani kwenye msumari, akaipima akalinganisha na urefu ambao cheni mpya inatakiwa kuwa nao. Kwa urefu mzima tofauti ilikuwa chini kidogo ya sentimita moja. Sentimita moja haifiki, na ndiyo ilinishusha gia ya kwanza pale Soni mbele ya mama yangu.

Ufundi nimelipa laki 3. Yasiyonifurahisha nayasema pia. Aliniahidi Ijumaa, gari limetoka Jumanne. Hakuna risiti, ukitaka maandishi unaandika mwenyewe anasaini. Na baada ya wiki moja kulikuwa na oili inavuja kidogo kwenye gasketi ya tenshena, nikarudi, akabadilisha gasketi bila kudai kitu na aliomba samahani. Jingine mlijue: reli za chini hazikubadilishwa, kuzifikia lazima ufungue kava la mbele na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Alizimulika kwa tochi akaona bado ziko sawa. Ile ya juu iliyotoka ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na ngumu kama kigae, ukiigonga inalia, kwa hiyo kama yako ina miaka arobaini usiiache humo eti kwa sababu haijavunjika.

Gari sasa asubuhi linawaka kimya. Mngurumo wa dizeli upo kama kawaida yake, ila kule kuchakacha kwa mbele hakupo. Moshi mweupe ni wa sekunde chache tu. Mombo kwenda Soni nimepanda gia ya tatu sehemu zile zile za zamani, nikarudi ya pili kwenye kona kali tu, geji ya joto haikusogea. Nikitoa nyota natoa nne kwa ufundi, ile moja nimeikata kwa sababu ya siku nne za kuchelewa, na tano kwa cheni yenyewe.

Cheni ya zamani nimeiweka kwenye buti ndani ya mfuko wa rambo pamoja na karatasi niliyoandika digrii, kabla na baada, na kilomita za siku ile. Mzee ameniambia nirudi kupima baada ya kilomita elfu 50, hatadai kitu, nimletee tu gari injini ikiwa imepoa.