A Short Hike: dola nane kwa saa moja na nusu, unapata nini?

Ukiipima gemu ya A Short Hike kwa mizani ya vibanda vya kuchezea PS (PlayStation), inashindwa kabla haijaanza. Kibandani unalipia mechi au unalipia dakika, na aliyezoea hesabu hiyo akisikia kwamba kuna gemu ya dola 7.99 inayokwisha ndani ya saa moja na nusu, atadhani muuzaji anatania. Kwa viwango vya miaka hii ni kama shilingi elfu moja za Kenya, au elfu ishirini hivi za Tanzania, na hapo benki haijakata chake kwa kubadilisha fedha. Msimu wa punguzo ukifika, pesa hiyo hiyo inakupa gemu ya vita au ya magari ya miaka michache nyuma, ambayo utaicheza hadi uichoke.

Hata hivyo inastahili bei yake. Kuna wanunuzi wawili watatu wasiopaswa kuigusa, na kuna namna ya kuicheza inayoiharibu kabisa. Hayo ndiyo ya kuyajua kabla ya kutoa kadi.

Mtengenezaji ni Adam Robinson-Yu wa Kanada, ambaye aliweka kando gemu nyingine kubwa aliyokuwa akihangaika nayo, akaitengeneza hii kwa miezi michache tu. Muziki ni wa Mark Sparling. Ilianza kwa wanachama wa huduma ya kila mwezi ya duka la magemu la Humble mwaka 2019, ikaingia Steam na itch.io, maduka ya magemu ya mtandaoni, Julai mwaka huo huo, ikafika Switch ya Nintendo Agosti 2020, kisha PlayStation na Xbox mwaka 2021. Mwaka 2020 ilichukua tuzo kuu ya tamasha la magemu huru (yasiyotoka kwa makampuni makubwa), IGF, ile iitwayo Seumas McNally. Tuzo hazirudishi pesa ya mtu, lakini zinaonyesha kwamba waliobobea kwenye kazi hii hawakuona ufupi wake kuwa dosari.

Unamcheza Claire, ndege mdogo aliyekuja kukaa na Aunt May, askari wa hifadhi ya Hawk Peak. (Kiingereza hakitenganishi shangazi na mama mdogo, na Kiswahili hakimo katika lugha za gemu hii, kwa hiyo chagua mwenyewe.) Claire anasubiri simu muhimu, lakini pale chini mtandao haukamati. Unakamata kileleni. Basi, panda mlima. Kisa kizima ni hicho, na simu yenyewe ni juu yako kuipokea.

Thamani ya gemu imekaa kwenye manyoya ya dhahabu. Kila unyoya unakupa pigo moja la mbawa ukiwa hewani, au muda kidogo zaidi wa kung'ang'ania ukuta wa mwamba. Ukitua ardhini, yote yanajaa tena. Ukiwa na unyoya mmoja, kiukuta cha kawaida kinakutoa jasho. Ukiwa na matano, ukuta ule ule unaupita bila kuutazama. Hakuna ngazi za uwezo, hakuna namba zinazopanda kwenye kona ya skrini: kisiwa hakibadiliki, unayebadilika ni wewe, na njia zilizokuwa zimefungwa zinakuwa wazi kwa sababu sasa unazifikia. Kufika juu bila taabu kunataka kama manyoya saba, na kisiwa kizima kina mengi zaidi ya hayo. Mengine yamefichwa, mengine ni zawadi ya kumsaidia mtu, mengine yanauzwa kwa sarafu unazookota njiani.

Karibu na kilele baridi inaingia na manyoya yanaganda, na yaliyoganda hayajai tena mpaka yapate joto. Ni sheria moja tu imeongezwa, lakini inaugeuza mpando wa mwisho kuwa hesabu: niruke sasa, au nihifadhi unyoya huu kwa ajili ya ukuta ule? Gemu nyingi za dola sitini huongeza sheria kumi mpya ili zipate nusu ya hisia hiyo.

Halafu kuna kushuka. Ukibonyeza kuruka na kushikilia, Claire anatandaza mbawa na kuelea. Mlima ulioupanda kwa muda mrefu, ukisimama mara tatu kuzungumza na watu, unaushuka kwa dakika chache ukipita juu ya vichwa vyao. Ufupi wa gemu ndio unaowezesha jambo hili. Kisiwa ni kidogo kiasi kwamba ukiwa angani unatambua kila pahali ulipopita: ule mnara, lile daraja, pale ulipochimba. Kingekuwa kikubwa mara kumi, ungeelea juu ya misitu usiyoijua.

Sasa hesabu ya saa. Anayefuata vibao vya njia moja kwa moja hadi juu anaweza kumaliza chini ya saa moja. Anayezunguka kidogo ndiye wa saa moja na nusu. Anayetaka kila unyoya, samaki wa kila aina, mashindano ya mbio na mhusika aitwaye Avery, mchezo wa mpira wa fimbo ufukweni, makombe ya mtoto anayeyakusanya na mashua ya kuzunguka kisiwa, atakaa saa nne hadi tano. Majina ya watengenezaji yakishapita, hufukuzwi. Unaweza kurudi kisiwani na kuendelea.

Hapa ndipo wengi hujipunja. Anaambiwa kilele kipo kule, anakimbilia kilele, anapokea simu, kisha anaandika kwamba gemu ni ya dakika hamsini na haina kitu. Kilele ni kisingizio. Bila ramani na bila mishale ya kukuelekeza kwenye skrini, gemu inakutegemea upotee. Ukiona kijia kinachokwenda upande usiohusika, kifuate. Ukikuta mtu kaketi peke yake, msemeshe mara mbili, kwa sababu mara nyingi cha maana anakisema mara ya pili. Usiache kuchukua fimbo ya uvuvi na koleo mapema, kwani kisiwa kina alama nyingi za kuchimba ambazo utazipita bure usipokuwa na kifaa. Kuanguka hakuumizi na hakuna adui, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa kujirusha kutoka popote.

Kasoro zipo. Kamera haishikiki. Inajigeuza yenyewe kadiri unavyotembea, na kwa kuruka kwenda mbele hiyo si shida, lakini ukielea kuelekea kwenye skrini, au ukipanda ukuta ulio upande wa pembeni, utakosea umbali na kutua mahali pasipo sahihi. Hasira haikai muda mrefu kwa kuwa hupotezi kitu zaidi ya sekunde za kupanda upya. Kwenye mbio na Avery, ambako sekunde ndizo zinazohesabiwa, inakera.

Picha inakuja na vipikseli (vile vidoti vinavyounda picha) vikubwa, kama gemu za vidude vya mkononi vya zamani. Kwenye skrini ya laptopu inapendeza. Kwenye televisheni ya inchi 50 watu wengine macho yanawauma, na wapo waliorudisha gemu kwa sababu hiyo peke yake bila kufungua mipangilio. Ndani ya mipangilio kuna chaguo la ukubwa wa vipikseli: vikubwa, vidogo, au uviondoe kabisa. Jambo la kuzingatia ni kwamba vikubwa pia vinaipunguzia mashine mzigo. Laptopu ya ofisini isiyo na kadi ya picha ikianza kukwamakwama ukiwa angani juu, rudisha vipikseli vikubwa kabla ya kulaumu gemu.

Kibodi inafanya kazi, ila kuelea kwa vitufe vinne vya mwelekeo kunakuwa kwa kukatakata, wakati pedi inakuruhusu kupinda taratibu. Ukiwa na pedi yoyote ya USB, itumie. Uvuvi nao ni mwembamba: unarusha, unasubiri, unabonyeza kwa wakati, basi. Usiinunue gemu hii kwa ajili ya uvuvi.

Lugha ni kikwazo cha kweli kwa baadhi. Hakuna sauti za kuzungumza, kila neno ni maandishi, na utani mwingi umo ndani ya mazungumzo hayo. Mtoto asiyesoma Kiingereza atafurahia kuruka, lakini nusu ya gemu itampita isipokuwa mtu akae naye kumsomea.

Kuhusu pa kununulia. Steam ndiyo rahisi kwa wengi. Bei ya Kenya na Tanzania huonekana kwa dola, na kadi yoyote ya Visa au Mastercard inayokubali manunuzi ya mtandaoni inatosha. Kwa Kenya, ile kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi hiyo bila akaunti ya benki. Gemu yenyewe ni kama MB 400, yaani bando la kawaida linaibeba. Kinachokula bando ni programu ya Steam, ambayo hujisasisha kila unapoifungua baada ya muda mrefu. Ukitaka kuepuka hilo, itch.io inakuuzia faili lisilo na kufuli: unalishusha mara moja, unaliweka kwenye flashi, na hutahitaji intaneti tena. Upungufu wake ni kwamba marekebisho mapya unayafuata mwenyewe.

Je, usubiri punguzo? Gemu hii hushuka hadi nusu bei kwenye misimu mikubwa ya punguzo ya Steam, hasa ya mwishoni mwa Juni na ya Desemba. Duka la mtandaoni la Epic liliwahi kuitoa bure kwa wiki moja Machi 2020, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia maktaba yako ya zamani. Wapo walioichukua siku hizo wakaisahau. Kwa dola nne haina mjadala. Kwa nane, mjadala upo, lakini ni mfupi.

Linganisha na nyingine fupi. Portal ya Valve, ya mwaka 2007, inakupa saa tatu hadi nne za mafumbo yasiyo na hata chumba kimoja cha kujazia nafasi, na kwenye punguzo inakuwa ya bei ya chai. Kama una dola moja moja za kuhesabu, anza na hiyo. What Remains of Edith Finch ni ya saa mbili hivi kwa dola 19.99. Ni kazi bora ya kusimulia, lakini ukishajua yaliyoipata familia ile, hamu ya kurudi hupungua sana, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuisubiria punguzo. Minit, dola 9.99, inakuua kila baada ya sekunde 60 na kukurudisha nyumbani. Ni wazo zuri, ila si la mtu anayetafuta kutulia. A Short Hike inazishinda hizi mbili za mwisho kwa jambo moja la kipochi: unairudia. Unaweza kuifungua mwakani, ukapanda kwa njia nyingine, ukaifunga baada ya nusu saa.

Asiyepaswa kuinunua ni yule anayepata pesa ya gemu moja kwa mwaka na anataka imchukue likizo nzima. Mwingine ni anayetaka ushindani wa watu wawili sebuleni, maana hii ni ya mtu mmoja. Na anayechoshwa na maandishi asijisumbue.

Limebaki suala la kurudishiwa pesa. Steam hurudisha bila kuuliza sana ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Kwa gemu ya saa moja na nusu maana yake ni kwamba unaweza kuimaliza, kuifurahia, na kuidai pesa yako. Sheria inaruhusu, lakini anayeumia ni mtengenezaji. Mwaka 2021 mtengenezaji anayetumia jina la Emika Games alitangaza kuachana na kazi ya magemu kwa muda usiojulikana, baada ya gemu yake Summer of '58, ya dakika kama tisini, kurudishwa na wengi waliokuwa wameimaliza. Anayetaka kupima kwa haki ajipe dakika ishirini hadi thelathini: hadi hapo utakuwa umepata manyoya kadhaa na umeelea mara ya kwanza kutoka mahali pa juu. Kama kuelea kule hakukukusisimua, kilichobaki hakitakubadilisha, rudisha. Kwenye PlayStation njia hiyo haipo, kwa sababu ukishaanza kuishusha umefunga mlango, na Switch nako usitegemee kurudishiwa.

Saa ya Steam inahesabu muda ambao gemu iko wazi, hata ikiwa imesimamishwa. Ukienda kula, izime.