TAHADHARI: Gari ikikuzimikia, usinunue pampu ya petroli kabla hujafungua kifuniko cha tenki

Jamani wenye magari ya zamani hapa Nairobi, hasa nyinyi wa Toyota 110 kama mimi, someni hii kabla hamjashuka Kirinyaga Road kutafuta spea. Mimi nimeliwa 11,500 na bado inaniuma.

Mwezi wa pili nilisahau kifuniko cha tenki kwa petroli stesheni, kurudi sikukipata. Nikashuka Grogan (ndiyo hiyo hiyo Kirinyaga Road), broka mmoja akanidaka hata sijafunga mlango, akaingia vichochoroni akarudi na kifuniko kwa boksi safi, akaapa ni orijino, nikalipa 1,500. Kikafunga vizuri, nikaenda zangu.

Kama siku tatu hivi gari ikaanza kunizimikia. Natoka Githurai asubuhi iko sawa kabisa, nikifika Allsops kwa jamu inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazima katikati ya barabara na matatu zinanipigia honi, nikikaa dakika kumi na tano inawaka kama haijawahi kuwa na shida. Nikampigia huyo huyo broka, akaja na fundi wake. Fundi akatoa kiti cha nyuma, akasikiliza pampu kidogo, akasema imekufa. Hakupima presha, tenki hakuligusa. Nikatuma 10,000 kwa M-Pesa, wakaweka “mpya”, ile yangu wakaondoka nayo eti ni takataka tu. Risiti haina jina la duka.

Siku mbili baadaye ikazima tena, palepale.

Aliyenifungua macho ni mzee fundi wa Kariobangi Light Industries. Akaniambia ikizima nisiguse kitu kingine, nifungue kifuniko cha tenki nisikilize. Nikafungua, fyuuuu, hewa ikavutwa ndani kwa nguvu, na gari ikawaka saa hiyo hiyo. “Mwanangu, hii gari imenyimwa pumzi.” Petroli ikitoka kwa tenki lazima hewa iingie mahali pake, isipoingia tenki linajinyonya, pampu inavuta bure, injini inakosa mafuta, na ikizidi tenki lenyewe linaweza kubonyea. Kifuniko kizuri kina kivalvu cha springi cha kuruhusu hewa iingie. Kile changu mzee alikipasua nikiona: plastiki tupu, valvu ni umbo tu limechongwa juu, ndani hakuna kitu!

Kuna na njia ingine ya hewa, ule mpira unaoenda kwa mkebe wa mkaa kule kwa injini, mkaa unashika mvuke wa petroli halafu injini inauvuta na kuuchoma. Mkaa wangu ulikuwa umelowa petroli, hewa haipiti vizuri, kwa sababu nilizoea kumwambia kijana wa petroli stesheni aongeze ifike hesabu kamili hata kama pampu yao imeshajikata. Hiyo ni makosa yangu, nimeacha, na nyinyi muache.

Halafu ile pampu “mpya”. Mzee alipoitoa ilikuwa imeoshwa tu, waya zimechoka kuliko za ile yangu. Yaani walibeba pampu nzima wakaniachia kuukuu.

Kwa hivyo kabla ya kulipa geuza kifuniko, bonyeza hicho kivalvu uone kama kinarudi. Spea ya zamani ikitolewa, ni yako, ondoka nayo. Na mtu akikwambia mtoboe kifuniko na msumari ndio hewa ipite, kataa kabisa, kuna mmoja aliniambia hivyo nikashtuka, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ya gari na cheche moja inatosha, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwa tenki. Gari ikishinda juani ukisikia hewa ikitoka nje kidogo unapofungua, hiyo ni kawaida, fungua polepole tu na usiwe karibu na sigara.

Pampu yangu nilikuwa nimefunga waya na tepu nyekundu. Kama umeuziwa pampu ya 110 hapo Grogan tangu mwezi wa pili na ina hiyo tepu, sikudai chochote ndugu yangu, ila ujue ni mali ya mtu, na ukague kifuniko chako pia maana labda wewe pia hukuhitaji pampu.