Nyundo ya kilo moja kwa kufua chuma: nzuri, ila si kama inavyotoka dukani

Nyundo ninayoizungumzia ni ya kilo moja. Upande mmoja una uso wa mraba, upande wa pili una mdomo wa kabari uliokingama na mpini. Utaipata katika duka la hadiwea mjini Kisumu au kwa wauzaji wa vyuma pale Kibuye. Mimi naifulia patasi na visu vya springi za gari, juu ya kipande cha reli, na kwa kazi hiyo inatosha kabisa. Anayekushauri uanze na kilo mbili hakuonei huruma. Mkono ukichoka, nyundo hutua kwa ukingo, na alama ya pigo moja la ukingo huifuti kwa mapigo mawili.

Kabla ya kulipa, chungulia tundu la mpini. Likikaa upande au likiinama, achana nayo, hakuna kabari itakayoliponya. Kisha pitisha tupa kwenye kona ya uso: iteleze au ikwaruze kidogo tu. Ikila chuma kirahisi, uso utabonyea mapema. Yangu ilipita majaribio yote mawili.

Tatizo ni umaliziaji. Uso umekuja bapa kabisa na kingo kali, na chuma chekundu hunakili kila kitu: kona ikigusa, inaacha alama ya mwezi mchanga. Mdomo wa kabari nao ulikuwa mkali, unakata badala ya kusukuma. Mkato huo ukiugonga ulale, unajikunja ndani ya chuma, na baadaye ndipo ufa unapoanzia.

Kwa hiyo nimekichonga kichwa kwa grainda yenye diski ya msasa, namba 80 kisha 120. Kingo zote ziviringishe, halafu uso uupe mbinuko mdogo sana. Ukisimamisha rula katikati, mwanga upenye kidogo tu pembeni; ukizidisha, nyundo itachimba mashimo. Mdomo wa kabari uufanye mnene na wa mviringo, karibu na unene wa kidole. Malizia kwa msasa wa maji namba 400.

Hapa usiwe na haraka. Gusa kwa grainda sekunde chache, chovya majini, rudia. Chuma kikishika moto, rangi hutembea usoni: njano hafifu kwenye nyuzi 220 za Selsiasi hivi, kisha kahawia, zambarau, na buluu karibu na 300. Ukiona buluu, ugumu wa mahali hapo umeshapungua, na kung'arisha rangi hakuurudishi.

Mpini wa dukani ndio uliostahili lawama zaidi. Ulikuwa mnene, umepakwa vanishi inayoteleza kwa jasho na kutoa malengelenge, na nyuzi za mti zimekatiza kimshazari, yaani ungevunjika tu. Nimeweka wa mpera, uliopasuliwa na kukaushwa kivulini, urefu wa sentimita 33, umbo la yai ili kiganja kijue uso umeelekea wapi bila kutazama. Ukishauingiza, ning'iniza nyundo kichwa kikiwa chini na ugonge kitako cha mpini; kichwa kitapanda chenyewe. Mkato wa msumeno unaopokea kabari, kwenye ncha ya mpini, ufuate urefu wa tundu, ushuke theluthi mbili ya kina chake. Gongea kabari ya mti mkavu, kisha ya chuma kwa mshazari. Paka mafuta ya kitani, si ya kupikia, maana hayo hubaki yakinata.

Na ile tabia ya kuloweka nyundo kwenye ndoo kichwa kikilegea: mti huvimba, nyuzi zinabanwa na kupondeka, ukikauka karibu na tanuri unalegea kuliko mwanzo. Kaza kabari.

Kichwa nakipa nne kwa tano. Mpini wa dukani, sifuri.