"Thelathini tu, mama": huduma ya duka moja la kompyuta Mwembe Tayari

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa meza ya nyuma. Jina la duka silitaji.

Dalili niliwapelekea tayari zimeandikwa kwenye karatasi. Kompyuta inaganda, taa ya diski inawaka moja kwa moja, kisha skrini inakuwa buluu na maneno KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR. Fundi akiyaona hayo ajue pa kuanzia. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikibanwa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye pagefile.sys, faili lililofichwa kwenye C, sehemu ya diski inayobeba Windows, na kuirudisha ikihitajika. Kosa hilo maana yake ni kwamba kilichotakiwa kutoka diskini kimegoma kusomeka. Ripoti ya Windows ikitaja 0xc000009c, shuku sekta mbovu, yaani vijisehemu vya diski visivyosomeka. Ikitaja 0xc0000185, anza na kebo ya SATA, ile inayounganisha diski: ichomoe, irudishe, au weka nyingine. RAM yenyewe huwa mbovu mara chache tu.

Wao? Walifungua sysdm.cpl, wakaingia Advanced, kisha Performance, kisha Virtual memory, wakachagua "No paging file", yaani wakalizima faili hilo la pagefile. Juu yake wakaniuzia RAM ya GB 4. "Kumbukumbu ilikuwa imejaa, mama."

Ikatulia siku kadhaa. Itaachaje kutulia, haisomi tena pale pabovu! Lakini faili hilohilo la kwenye C ndilo Windows hulitumia kuandikia ripoti skrini inapokuwa buluu. Ukiliondoa, ajali inayofuata haiachi ripoti ya kufuata. Na nafasi iliyoachwa haikai tupu, hupewa mafaili mengine. Pale pabovu, kesho ndipo zitakapolala picha za harusi.

Basi nikarudi na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, imefunguliwa kwenye skrini. Mstari wa C5, ule wa sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia, mwisho wake umeandikwa 30. Mwenye duka akainama, akaugusa kwa ncha ya bisibisi, akacheka. "Thelathini tu? Diski ina sekta mamilioni. Kwani hapa fundi ni wewe au ni mimi?"

Wateja wengine wanasikiliza. Haya, fundi, tuhesabu. Programu ile, usipoibadilisha, huandika tarakimu hizo kwa hesabu ya kumi na sita. 30 yake ni tatu mara kumi na sita, yaani 48 yetu. Na hata ingekuwa thelathini kweli, mstari huo unatakiwa usome sifuri.

Nimtendee haki kidogo. Stima ikikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta inaweza kuhesabiwa C5 bila kuwa imeharibika; ukiandika juu yake inarudi nzima. Kwa hiyo C5 pekee haitoshi, unaisoma pamoja na 05, idadi ya sekta zilizokwisha kuhamishwa kwenye akiba. C5 ikishuka huku 05 ikipanda, hakuna kilichopona, diski inazika tu wafu wake. Na 05 ilikuwa imekwisha kuanza kupanda, mstari ulio juu ya ule wa C5, kwenye skrini ileile! Hakuutazama.

Dawa ya mwenye duka ilikuwa chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, papo hapo, bila nakala. Amri hiyo husoma diski yote sekta kwa sekta. Kwa diski inayokufa, hiyo ndiyo safari inayoweza kuimaliza.

Aliyeokoa ni yule kijana. Alizima, akaiunga diski pamoja na SSD mpya (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) kwenye mashine ya Linux, akaangalia kwanza kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, ipi ni ipi (ukizigeuza unaandika utupu juu ya mali yako), kisha akanakili kwa ddrescue:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Hiyo huchukua kwanza kinachosomeka kwa urahisi. Baadaye akarudi kwenye mabaki kwa -d -r3, yaani kuyajaribu tena mara tatu, na ramani.map ileile inayokumbuka ilipofika, ili isianze upya. Chkdsk akaiendesha mwisho, kwenye nakala. Pagefile akairudisha ijiendeshe yenyewe, sasa iko kwenye SSD.

Kwa kazi hiyo ningetoa nyota nne. Na ile RAM, nisiwe mnafiki, imesaidia: kwa GB 8 Windows haikimbilii diski kila dakika. Labda tatu basi. Lakini bili ina mstari wa "kurekebisha kumbukumbu", yaani nimelipia kuzimiwa pagefile, na kicheko kile mbele za watu sijakisahau. Moja. Inabaki moja.

Diski ya zamani walinirudishia kwenye mfuko, juu yake wameandika kwa kalamu nyekundu "NZIMA". Juzi nimeipima tena. C5 inasoma 78, ambayo ni 120, fundi.