Kibodi ya gemu yenye taa kwa bei ya kawaida: niliyoichukua hapa Dodoma

Kama bajeti yako ni ndogo, taa ndizo za mwisho kuangalia kwenye kibodi ya gemu. Tatizo ni kwamba ndizo za kwanza muuzaji atakazokuonyesha. Atachomeka USB, rangi zitaanza kutembea, na kabla hujauliza swali lolote mko kwenye bei. Mimi niliingia dukani na ombi moja tu: ning'oe kitufe kimoja nione chini yake kuna nini.

Kwenye maduka ya kompyuta ya katikati ya mji, jirani na Nyerere Square, nilikutana na maboksi yaliyoandikwa "mechanical feel". Hayo maneno yasikudanganye. Ukivuta kitufe unakuta mpira uleule wa kibodi za ofisini, umevalishwa taa na plastiki yenye makona ya kutisha. Kibodi ya kimekanika yenyewe ina swichi chini ya kila kitufe, kijidude cha plastiki chenye alama ya msalaba juu. Kijana mmoja aliniambia, "Kaka, ukivunja umenunua." Nikamwachia kibodi yake. Mwingine alinipa mwenyewe kile kiwaya cha kung'olea vitufe, na hapo nikajua tutaelewana.

Niliyochukua ni Redragon K552, ya vitufe 87, ile isiyo na sehemu ya namba upande wa kulia. Baada ya kuvutana kidogo ilisimama kwenye laki na ushee. Kwa geto la Ng'ong'ona, ambako meza moja inabeba laptopu, sahani na daftari za watu wawili, hiyo nafasi iliyookolewa ndiyo mausi inayotembelea.

Kilichonichukua muda ni swichi, maana K552 huuzwa na swichi za aina tofauti. Aina hizo hutajwa kwa rangi, na asili ya rangi hizo ni Cherry, kampuni ya Ujerumani iliyoanza kutengeneza swichi zake ziitwazo MX miaka ya 1980. Siku hizi viwanda vya China kama Outemu, Gateron na Kailh vinatoa za mfumo huohuo kwa bei ya chini, ndiyo maana hata sisi wa kuungaunga tunazigusa. Swichi ya bluu inalia "tak" kila ukibonyeza. Ni tamu, sikatai, na kwa kuandika ripoti ningeichagua hiyo. Lakini mwenzangu wa geto analala mapema, na mlio ule saa saba usiku ni ugomvi. Ya kahawia ina kijigutu unachokisikia kidoleni bila kelele ya kiasi kile. Nyekundu inashuka moja kwa moja. Kwenye Cherry ni kama gramu 45 za nguvu, na herufi inaingia kidole kikifika milimita 2 kati ya 4 za safari nzima. Nikachukua nyekundu. Kwenye gemu za kukimbia na kulenga unabonyeza W na A mfululizo bila kidole kuchoka. Kwenye kuandika inahitaji nidhamu: ukiegesha kidole tu, herufi imeshaingia. Bado ninafuta "ss" nyingi.

Sasa taa. Kuna za rangi moja, kuna zile ambazo kila mstari una rangi yake isiyobadilika, na kuna RGB ya kweli ambayo unaipangia rangi unayotaka. Baadhi ya wauzaji huziita zote RGB. Mwambie ageuze kibodi nzima iwe kijani. Akishindwa, hiyo ni ya mistari, na bei ishuke. Mimi nilichukua ya taa nyekundu tupu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote. Muhimu zaidi kuliko rangi, herufi zenyewe zipitishe mwanga. Kuna kibodi zinazowaka pembeni ya vitufe huku herufi zimechorwa kwa rangi juu. Giza likiingia unaona mng'ao mzuri na huoni herufi. Za K552 zinawaka. Umeme ukikatika ninashusha mwanga kwa kushika kitufe cha Fn pamoja na mshale wa chini, maana kibodi inakula chaji ya laptopu.

Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi mnalijua. Uzuri wa vitufe vinavyong'oka ni kwamba unapitisha brashi ya rangi iliyo kavu, unaosha vitufe kwa maji na sabuni, unavikausha kabisa ndipo unarudisha. Piga picha kwanza, usije ukaanza kuulizana B ilikaa wapi. Nikiondoka ninaifunika kanga.

Anayeingiza hesabu kwenye Excel kutwa nzima asiinunue hii, atafute ya vitufe 104 yenye namba pembeni. Na zile fupi za vitufe 61 nilizipita bila kujiuliza: mishale ya kawaida haipo, mpaka ushike Fn. Mwenye laptopu iliyobakiwa na tundu moja la USB anunue na kigawanyio kabisa, maana mausi nayo inataka pa kuchomeka.